Askari wa kwenye filamu zetu anaongea lugha ya mama yangu

Jumatano iliyopita alikuja saluni kwangu hapa Bukoto binti mmoja mwigizaji, anataka kusukwa mistari ya nyuma. Amepata nafasi katika filamu inayotengenezwa hapa Kampala. Nikiwa namchana akatoa simu. "Dada, wewe si unajua Kiswahili? Hebu nisomee hapa uniambie kama ni sawa." Maneno yenyewe yalikuwa ya askari. Yeye haigizi askari, anaigiza mke wa jambazi, ila mwenzake aliyepewa uaskari hajui Kiswahili na alimwomba amtafutie mtu wa kukisahihisha.

Nikasoma. "Simama! Mikono juu! Lara chini! Toa kitambulisho! Wewe mjinga?" Basi. Filamu nzima, Kiswahili chote kilichomo ni hicho. Nikabadilisha "lara" ikawa "lala", nikamrudishia simu. Halafu nikamuuliza, "Huyu askari akirudi nyumbani anasema nini?"

Akanitazama kwenye kioo. "Harudi nyumbani, dada. Anapigwa risasi."

Jibu hilo nimelala nalo wiki nzima, na leo saluni imefungwa, kwa hiyo naandika.

Mimi nimezaliwa kambi ya polisi Nsambya, ndani ya yunipoti, zile nyumba za mviringo za mabati ambazo mchana zinakuwa kama tanuri na mvua ikinyesha hamsikilizani. Baba yangu Mlugbara wa Arua, mama yangu Mgisu wa Mbale. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake walipokutana, na mpaka leo mama Kilugbara chake kinaishia kwenye salamu. Waliongea Kiswahili. Baba alimchumbia kwa Kiswahili, walikosana kwa Kiswahili, walipatana kwa Kiswahili. Sisi watoto tulitenganishwa nao na pazia moja la kitenge, kwa hiyo nimesikia mengi. Baba alikuwa akirudi usiku anavulia buti mlangoni ili asituamshe, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Mama watoto, nimerudi. Hawa wamekula?" Na mama anajibu, "Pole na kazi. Maji yako yako tayari." Kama kulikuwa na malewa ya karanga, yale machipukizi ya mianzi, yaliyotumwa kutoka Mbale, alimwachia sehemu yake kwenye sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Hicho ndicho Kiswahili ninachokijua. Amri za "simama" na "lala chini" nilizikuta baadaye, kwenye skrini.

Nilipohamishiwa shule ya nje ya kambi ndipo nikajua watu wengine wanasikia nini tukifungua mdomo. Nilimwita rafiki yangu kwa Kiswahili uwanjani, watoto wawili wakainua mikono juu kwa mchezo. Walicheka, nami nikacheka nao, kisha kwa miaka mingi nikawa naongea Luganda tu nikiwa nje ya lango la kambi.

Siwalaumu wale watoto wala wazazi wao. Kila mzee wa Kampala wa rika la wazazi wangu anajua maneno mawili ya Kiswahili hata kama hajui la tatu: panda gari. Ndilo jina la misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati askari walipozingira mtaa, wakakusanya watu, wakawapakia kwenye malori. Wengine hawakurudi. Lugha ikikujia hivyo mlangoni kwako huwezi kuipenda. Na kabla ya hapo alikuwepo Idi Amin, aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, nacho kikawa lugha ya vizuizi vya barabarani. Kabla ya Amin, Waingereza walikuwa wamekifanya lugha ya KAR, jeshi lao la kikoloni la Afrika Mashariki, na gavana wao alipotaka kukipanua kwenye utawala na shule, Daudi Chwa, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alikipinga waziwazi mwaka 1929. Kwa hiyo woga huu una historia, na ni ya kweli. Ila hata hiyo historia ina upande ambao filamu hazionyeshi: Aprili 1979 waliomtoa Amin Kampala waliingia wakiongea Kiswahili, wanajeshi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na watu wa mjini waliwaita wakombozi, kwa neno hilohilo la Kiswahili.

Sasa tazama filamu zenyewe. Ile ya mwaka 2006 kuhusu Amin, The Last King of Scotland, iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, ilipigwa hapahapa Uganda. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kumwigiza Amin, na mimi namheshimu kwa hilo, kwa sababu waigizaji wetu wenyewe hawajisumbui kiasi hicho. Niliiangalia na mama. Aliangalia nusu akaniomba nizime. Alisema, "Wamekijua, lakini wamempa yeye tu." Maneno hayo sijayasahau. Mwigizaji mkubwa kabisa wa Marekani anafunga safari, anajifunza lugha ya nyumbani kwetu, na anayeiongea ni Amin.

Nikiingia kwenye vibanda vya video hali ni ileile. Msomaji wa nje ya Uganda labda hajui VJ ni nani. Ni mtu anayekaa na maikrofoni, filamu ya Kimarekani au ya Kihindi inapita, anapunguza sauti ya filamu, anaisimulia upya kwa Luganda huku akikuambia mhusika anafikiri nini na kwa nini ni mpumbavu. VJ Jingo, VJ Junior, hawa ni mastaa kamili hapa. Wateja wangu hawaulizi filamu ina nani ndani, wanauliza imetafsiriwa na nani. Unakwenda dukani na flashi yako, wanakujazia. Naipenda kazi hii kwa moyo wote. Bibi asiyejua neno la Kiingereza anakaa na filamu ya Chicago kama hadithi ya mtaani kwake, na hakuna shule iliyomfanyia hivyo.

Lakini nimesikia mara nyingi mno: filamu inakwenda vizuri kwa Luganda, mara anatokea mwanajeshi katili, na msimuliaji anahamia Kiswahili. "Wewe! Kuja hapa!" Kibanda kizima kinapasuka kwa kicheko kwa sababu kila mtu ameelewa papo hapo huyu ni mtu wa aina gani. Msimuliaji hahitaji kusema ni katili. Lugha imeshasema.

Binamu yangu anaishi Busia, upande wetu. Pale ukivuka barabara uko Kenya, na ng'ambo ile wanaangalia filamu zilizosimuliwa na DJ Afro kwa Kiswahili. Nilipokuwa msichana nikienda likizo kwake tulikuwa tunaangalia za pande zote mbili, na ilinishangaza sana mara ya kwanza. Kwa DJ Afro kila mtu anaongea Kiswahili. Jambazi, sawa, lakini pia mchumba wake, na mama yake jambazi, na mtoto aliyepotea sokoni, na mzee anayekufa kitandani akigawa urithi. Nilikaa kwenye ile benchi ya mbao Busia nikamsikia mwanamke Mchina akimwambia mwanaume Mchina kwa Kiswahili kwamba atamsubiri hata miaka kumi, nikalia. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nililia kwa sababu ilikuwa kama kusikia kitu kutoka nyuma ya lile pazia la kitenge, na safari hii watu wote wanasikiliza na hakuna anayeinua mikono.

Upande wa wanamuziki ndipo ninaposhindwa kabisa kuwaelewa watu wangu. Jose Chameleone alianza kujipatia jina akiwa Nairobi, na nyimbo za Kiswahili zimo katika zile zilizomfanya awe nani. Zikipigwa saluni, mteja aliyeniambia dakika tano kabla kwamba hajui Kiswahili hata kidogo anaimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anajua anachoimba, kwa sababu sehemu ya huzuni anafumba macho. Na tarehe 14 Februari 2018, Zari alipotangaza Instagram kwamba ameachana na Diamond Platnumz, hapa kwangu hapakukalika. Zari ni wetu, mtoto wa Jinja, kwa hiyo lilikuwa jambo la familia. Wiki iliyofuata kila aliyekuja alikuwa na video ya mahojiano kutoka Dar es Salaam kwenye simu, nami natakiwa nitafsiri neno kwa neno, "amesema amekosa au amesema amekosea?" Wanawake walewale waliokuwa wakisema Kiswahili ni cha wezi walikuwa wanapima tofauti ya kukosa na kukosea. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa Waganda hawakitaki. Wanakitaka kwenye mapenzi na kwenye umbea, sehemu mbili ambazo mtu hajifanyi.

Mama siku hizi yuko Mbale na ana king'amuzi cha Azam. Anafuatilia tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili huko Tanzania. Kipindi kikiisha ananipigia simu, na kwa dakika mbili za kwanza mimi sijui kama anaongelea jirani au mtu wa kwenye televisheni. Mwezi uliopita alinipigia akiwa na sauti nzito. Bwana mmoja kwenye tamthilia alikuwa amemwomba mkewe msamaha. "Amesema naye vizuri," mama akasema. "Amesema kama baba yako." Baba amefariki miaka sita iliyopita. Nilikaa na simu mkononi, kichwa cha mteja mbele yangu, nikashindwa kujibu. Waturuki wanaongea na mama yangu lugha aliyoolewa nayo, na sisi tulio naye nchi moja tumemwandikia "mikono juu".

Kisheria mambo yako sawa, nitalisema hilo pia. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Ni marekebisho yaleyale yaliyoondoa ukomo wa mihula ya urais, na watu wakiyataja wanakumbuka hilo tu. Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha tena na kuamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Nafurahi. Lakini mtoto atakayefundishwa "habari za asubuhi" darasani saa nne, jioni akikuta askari kwenye filamu anatukana kwa lugha hiyohiyo, mwalimu ameshashindwa. Filamu ni mwalimu mwenye muda mrefu zaidi.

Na siasa. Hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Waliokuwa Kampala miaka ya 2000 wanakumbuka ebimeeza. Watu walikusanyika baa au ukumbini siku ya Jumamosi, maikrofoni inazunguka, mwanafunzi anabishana na mbunge, na redio inarusha moja kwa moja. Umoja wake ni ekimeeza, yaani meza kubwa. Neno lenyewe lina meza yetu ndani yake. Na CBS, redio ya Buganda, ufalme uleule ambao Kabaka wake alikikataa Kiswahili mwaka 1929, ekimeeza chake walikiita Mambo Bado. Kwa Kiswahili! Baba, akiwa polisi, hakuruhusiwa kuwa na maoni ya siasa hadharani, ila Mambo Bado aliisikiliza akipiga buti rangi, na akishindwa kuvumilia aliijibu redio kwa Kiswahili, sisi tukicheka nyuma ya pazia. Septemba 2009, Kabaka wa sasa, Mutebi, alipozuiwa na serikali kwenda wilaya ya Kayunga na mji ukawaka moto, CBS ilizimwa na ebimeeza vikapigwa marufuku. Baba alikuwa kazini siku zile. Aliporudi aliiwasha redio, akasikia mvumo mtupu, akaizima. CBS ilirudi mwaka uliofuata. Ebimeeza havikurudi. Baba hakuongea na redio tena.

Nilikuja kuona kitu kinachofanana na ekimeeza mara moja tu baada ya hapo, na kilitokea kwenye saluni yangu.

Tarehe 13 Februari 2016 ilikuwa Jumamosi, mkesha wa siku ya wapendanao, na mwenye saluni yeyote anajua usiku ule unakuwaje. Nilikuwa na wanawake tisa ndani ya chumba cha watu watano, na draya mbili, moja swichi yake inabidi uikazie kwa njiti ya kiberiti. Usiku huo ndio ulikuwa mdahalo wa pili wa wagombea urais, kutoka hoteli ya Serena. Mwaka ule ndio mara ya kwanza midahalo ya urais kuonyeshwa kwenye televisheni zetu. Ule wa Januari Museveni hakwenda. Huu alikuwepo, na Besigye, mpinzani wake mkubwa, na Amama Mbabazi aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Museveni, na wengine. Wateja walikataa muziki. Tukaweka mdahalo.

Wote jukwaani walikuwa wanaongea Kiingereza. Chini ya draya ya kwanza alikaa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, mkimbizi, anayeuza vitenge kwa kuvitembeza. Akatoa kichwa nje. "Dada, uyu baba anasema nini?"

Nikamtafsiria. Mkono mmoja una kitana, mwingine una nywele, uzi mdomoni haukai, nautoa, naurudisha. Mwanzoni nilitafsiri neno kwa neno na nikawa najikwaa. Kisha nikaanza kufanya kama VJ: nasikiliza kidogo, naacha, naeleza. Walipogusa mambo ya nje sikuwa na msamiati, nikasema, "Wanaulizwa tunakaa vipi na majirani, na kwa nini vijana wetu wanapelekwa kupigana kwao." Mama wa Bukavu akaitikia kwa kichwa polepole. Jambo hilo alilijua kuliko mimi, alilijua kuliko wale waliokuwa jukwaani.

Nikashtuka kwamba chumba kimenyamaza. Wateja wanaojua Kiingereza vizuri, mmoja mwanasheria kabisa, walikuwa wameacha kuangalia televisheni, wanasikiliza mimi. Yule mwanasheria akasema, "Hapana, hapo hujasema alivyosema. Amekwepa swali. Waambie amekwepa." Nikasema, "Amekwepa swali." Msichana wa kucha akauliza kwa Luganda kwa nini amekwepa, mwanasheria akamjibu kwa Luganda, mama wa Bukavu akataka kujua wanabishana nini, nikamweleza, naye akatoa lake: kwao wakubwa wakikwepa swali watu wanalipa kwa miguu, wanahama. Nikalirudisha hilo kwa Luganda. Wanawake wawili waliokuwa wakimshabikia mgombea tofauti na yule wa mwanasheria wakapandisha sauti. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Saa moja na nusu tuliendelea hivyo, na kila hoja ilipitia Kiswahili ili imfikie mtu mmoja ambaye hata kura hana, na kwa sababu ilibidi imfikie yeye, kila mmoja alilazimika kusema anachomaanisha.

Ningependa sana wanaoandaa midahalo hii wangekuwepo. Weka mkalimani wa Kiswahili, weka wa Luganda, weka wa Kilugbara, sauti isikike, na mgombea ajue kwamba maneno yake yatapita mdomoni kwa mtu mwingine kabla ya kufika Arua na Busia. Aliyekwepa ataonekana amekwepa.

Nilipomaliza kumsuka ilikuwa karibu saa tano za usiku. Mama wa Bukavu akajitazama kwenye kioo, akafunga kitambaa juu ya nywele mpya zisiharibike na vumbi la bodaboda, akahesabu pesa zake mezani. Mlangoni akageuka.

"Na kesho bataendelea?"

Nikamwambia hapana, mama, huu ndio ulikuwa wa mwisho. Alhamisi watu wanapiga kura.